Nairobi hadi New York: ukisafiri na mtoto na nyanya, hesabu saa za mwili, si za tiketi

Mzazi yeyote mwenye ndugu Marekani ameshaulizwa swali hili na jamaa wa nyumbani: huko ni mbali kiasi gani? Ukijibu kwa kilomita, hakuna anayeshtuka. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takribani kilomita 11,850 angani. Ni namba kubwa, lakini haimwambii nyanya mwenye presha avae nini miguuni, wala haimwambii mama wa mtoto wa miaka sita abebe vitafunio kiasi gani.

Ukijibu kwa saa, mambo huanza kueleweka. Tatizo ni kwamba majibu yako matatu, na yote ni ya kweli.

Jibu la kwanza liko kwenye tiketi. Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja, tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza kwamba ndege ingeondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kutua New York saa 12:25 asubuhi. Anayesoma haraka ataona saa 7 tu, kama basi la Nairobi kwenda Mombasa likipata barabara nzuri. Jibu la pili ni muda wa kukaa kitini: saa 15, kwa sababu saa za New York ziko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi. Jibu la tatu ni la mlango hadi mlango. Ukitoka nyumbani saa moja jioni ili uwahi ukaguzi, ukakaa angani saa 15, ukapanga foleni ya uhamiaji, ukasubiri mabegi, kisha ukakaa kwenye gari katika msongamano wa asubuhi wa New York, utabisha hodi kwa mwenyeji wako baada ya saa 22 na nusu hivi. Ratiba hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo soma tiketi yako mwenyewe, lakini tofauti kati ya majibu hayo matatu hubaki pale pale.

Desemba iliyopita nilisafiri njia hii na watu wawili: mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, na binti yangu wa miaka sita. Dada yangu mdogo alikuwa amejifungua huko Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York. Hakuweza kuja kujifungulia Mombasa, kwani mashirika mengi ya ndege hayambebi mja mzito aliyevuka wiki 36, na kazi yake haikumruhusu kuondoka mapema zaidi. Mumewe alikuwa anarudi kazini wiki hiyo hiyo. Mama alisema hakuna mwanawe atakayekaa arobaini peke yake nyumba imefungwa milango, na maneno hayo ndiyo yaliyokata tiketi.

Kwa hiyo nilikuwa na mzee ambaye hajawahi kupanda ndege, ana dawa za kila siku, na anatakiwa afike akiwa na nguvu za kumhudumia mzazi. Nilikuwa pia na mtoto ambaye hawezi kukaa kimya kanisani, msikitini wala harusini. Kwa watu kama hao, jibu la tatu ndilo lenye kazi.

Njia isiyonyooka

Binti yangu aliposikia safari, alichukua atlasi ya shule na rula, akachora mstari kutoka Nairobi hadi New York. Mstari wake ulipita Nigeria na Mali, kisha ukaingia baharini. Ndege haifuati mstari huo.

Jaribuni nyumbani. Chukueni chungwa, wekeni alama ya Nairobi karibu na katikati, na alama ya New York upande wa pili, juu kidogo. Vuteni uzi ukaze baina ya alama mbili. Mkifanya hivyo kwenye tufe lenye ramani ya dunia mtaona uzi unapanda kaskazini kuliko rula. Unapita jirani na Mlima Elgon na mji wa Juba, unakata Chad na Niger, unavuka Sahara upande wa Algeria, unatoka Afrika kupitia Morocco, unapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, ndipo unashuka New York. Hiyo ndiyo njia fupi. Inaonekana imepinda kwenye karatasi kwa sababu karatasi ni bapa na dunia ni mviringo. Rubani naye huongeza pembe zake hapa na pale, kufuata upepo au kukwepa anga iliyofungwa kwa sababu ya vita.

Somo hilo la chungwa lilimfaa binti yangu kuliko michezo yote niliyompakulia kwenye simu. Ndani ya ndege alikuwa akifungua ramani ya kwenye kioo cha mbele yake na kumtangazia nyanya yake nchi moja moja.

Kwa nini kwenda ni kurefu kuliko kurudi

Kwenda ni saa 15, kurudi ni kama 14. Si kwamba ndege hurudi kwa haraka ya kufika nyumbani. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapigana nao, ukirudi unakusukuma mgongoni.

Kuna jambo jingine ambalo abiria haoni. Embakasi iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa John F. Kennedy uko mita 4 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, na bawa la ndege huhitaji hewa nzito ili kuibeba. Ndege ya safari hii, Boeing 787-8, matangi yake huchukua takribani lita 126,000 za mafuta, na kwa safari ndefu namna hii haiwezi kuondoka na tangi nusu. Ndiyo maana uzito huhesabiwa kwa makini, na ndiyo maana ule mwendo wa kukimbia kabla ya kuruka Embakasi, kwenye njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, utauona mrefu. Mwambie mtoto mapema ili asiogope. Hewa ya usiku, ikiwa imepoa, ni nzito kidogo kuliko ya mchana, na hilo linaisaidia ndege inayoondoka usiku. Saa zenyewe ni nyingi kiasi kwamba marubani huwa wanne, wakipokezana na kulala kwa zamu.

Kabla ya 2018 hakuna aliyefika bila kushuka mahali. Kenya ilihitaji kwanza kukubaliwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na Daraja la Kwanza lilipatikana Februari 2017. Hata leo wengi hupitia miji mingine, mara nyingi kwa sababu ya bei. Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500 kwa jumla. Kupitia Dubai ni kama 14,500, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, ukiipa kisogo Marekani. Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala naye ana ndege ya kwanza ya saa moja na ushee kabla hata hajafika Nairobi.

Ipi bora kwa familia? Kubadilisha ndege kunampa mtoto nafasi ya kukimbia na mzee nafasi ya kunyoosha miguu, na huokoa fedha. Lakini kunaleta ukaguzi wa pili, lango la pili la kutafuta, na hatari ya mabegi kubaki nyuma. Kwa mzee anayesafiri peke yake na hasomi Kiingereza vizuri, ningelipa zaidi apande ndege moja akalale. Kwa kijana mwenye nguvu, ningemshauri aokoe fedha zake. Kwa vyovyote, ukikata tiketi omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa mzee. Hata kama anatembea vizuri, atakayesukuma kiti anajua njia, na humpitisha kwenye foleni zinazochosha.

Walioitangulia njia hii

Mama alipolalamika kwamba saa 15 ni nyingi, nilimkumbusha waliotangulia. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York, katika mpango ulioandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Uwanja wa Embakasi ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na haukuwa bado na jina la Kenyatta. Uwanja wa New York uliitwa Idlewild, ukapewa jina la Kennedy Desemba 1963, baada ya rais huyo kuuawa. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa fedha za kuwasafirisha wanafunzi wengine, na miongoni mwa waliokwenda mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, msichana wa Nyeri, aliyekuwa akielekea chuo kimoja huko Kansas. Alirudi nyumbani mwaka 1966.

Ndege za wakati ule zilitua njiani mara kadhaa kuongeza mafuta. Wazazi waliobaki Nyeri, Kisumu au Machakos hawakuwa na njia ya kujua jioni ile kama mtoto amefika. Walisubiri barua. Mama yangu alilisikiliza hilo, akanyamaza, kisha akauliza kama simu yake imechajiwa.

Usiku wa siku gani?

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo familia nyingi hujikwaa kabla hata ya kufika uwanjani. Sisi wa pwani, siku huanza jua likizama. Ukimwambia mama yangu "usiku wa Jumamosi", anaelewa usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani ule ambao tiketi inauita Ijumaa. Tiketi nayo huanza siku yake saa sita usiku kamili. Ndege ikiwa ya saa 5:25 usiku, tiketi itasema Ijumaa na mzee atasema Jumamosi. Ikiwa ya saa 6:30 usiku tarehe 15, ni lazima muwe uwanjani tangu jioni ya tarehe 14, na mwenye kusubiri hadi jioni ya tarehe 15 atakuta ndege imeshaondoka.

Ongeza hapo kwamba tiketi inaandika 23:25 na nyanya anahesabu saa tano na dakika ishirini na tano. Dawa yake ni rahisi. Usimpe mzee saa ya ndege. Mpe saa ya kutoka nyumbani, kwa hesabu ya Kiswahili, na siku kwa jina la mchana wake. Kwenye kalenda ya Mama niliandika hivi: "Ijumaa, baada ya magharibi, saa moja, tunatoka nyumbani." Hakuhitaji kujua zaidi.

Jambo jingine: asitoke safari akaingia safari. Mama alipanda treni ya asubuhi kutoka Mombasa, kilomita 470 na ushee kwa saa zaidi ya tano. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, karibu mno na uwanja wa ndege, na wengi hushawishika kuunganisha siku hiyo hiyo. Sisi tulimlaza Nairobi usiku wa pili kabla ya kuondoka. Miguu iliyovimba kwa treni haifai kupandishwa ndege jioni yake.

Usiku usiokwisha

Sasa mko ndani. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla ya safari zangu za mwanzo ni urefu wa giza. Jua la Nairobi lilizama karibu saa 12:30 jioni. Jua la New York, mwezi wa Desemba, huchomoza saa moja asubuhi na dakika kama kumi, ambayo Nairobi ni saa tisa alasiri na zaidi. Hesabu: usiku wetu ulikuwa wa zaidi ya saa 20. Tulikuwa tunalikimbia jua. Ardhi pale kwenye ikweta huzunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na kwenye latitudo ya New York kama 1,270. Ndege yetu ilikwenda mia nane na kitu. Jua lilikuwa linatufuata na kutukaribia polepole, lakini lilitupata tukiwa tumeshatua.

Mama, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini ameamka alfajiri bila saa ya kengele, aliamka saa kumi na moja kwa saa ya mkononi mwake. Tulikuwa juu ya Sahara. Akafungua dirisha, akatazama, akafunga. Baada ya saa moja akafungua tena. "Mbona hakuchi?" akaniuliza. Saa mbili baadaye binti yangu aliamka akitaka kifungua kinywa, na nje bado kulikuwa na nyota.

Mtoto anayeamka asubuhi asione asubuhi huchanganyikiwa, na hapo ndipo kilio huanza, katikati ya abiria waliolala. Panga kwa saa za mtoto, si za nje. Mpe chakula cha usiku kabla ya kuingia ndegeni, mvalishe nguo za kulalia chooni, alale ndege ikiruka. Akiamka kwa saa ya nyumbani, mfanyie asubuhi: mswaki, nguo nyingine, chai ya maziwa, kitafunio alichokizoea. Sehemu iliyobaki, kama saa saba hivi, ndiyo ngumu. Igawe vipande vya saa moja moja: kuchora, kutembea ujia mzima na kurudi, filamu, hadithi ya nyanya. Kwa mtoto mchanga, uliza mapema kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mwa ndege, kwa sababu ni vichache na hutolewa kwa wanaoomba mapema.

Kuhusu masikio, watu wa Nairobi wana bahati. Ndani ya Dreamliner hewa huwekwa kama ya mahali penye urefu wa mita 1,800 hivi, ilhali ndege nyingi za zamani hufika hadi 2,400. Mita 1,800 ni kama mjini Nairobi kwenyewe. Kwa hiyo ndege ikipanda kutoka Embakasi, masikio ya mtoto hayaoni tofauti kubwa. Kazi iko kwenye kushuka, kwa sababu unatoka kwenye hewa ya Nairobi hadi kwenye usawa wa bahari. Ndege ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, mwamshe mtoto. Anayenyonya anyonye, mkubwa apewe peremende au maji ya kumeza kidogo kidogo. Aliyelala hamezi mate, naye ndiye huamka akipiga kelele ameshika sikio.

Kwa mzee, hofu si masikio bali miguu. Kukaa zaidi ya saa nne bila kusogea kunaweza kuifanya damu igande kwenye mishipa ya miguu, na kwa saa 15 hatari huongezeka. Mpe Mama kiti cha pembeni mwa ujia, si cha dirishani, ili asione haya kuwainua watu. Kila saa mbili ainuke atembee. Akiwa amekaa, azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji hata kama anaogopa kwenda chooni. Soksi za kubana miguu zinasaidia baadhi ya watu, lakini zivaliwe kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye kisukari au matatizo ya mishipa.

Dawa nazo zina hesabu yake. Mama humeza kidonge cha presha kila asubuhi. Asubuhi ya wapi? Daktari wake alimwambia ahesabu saa 24 kutoka kidonge cha mwisho, si jua hadi jua, kisha asogeze kidogo kidogo akishafika. Wako anaweza kuambiwa tofauti, kwa hiyo ulizeni kabla ya safari. Lakini dawa zote, pamoja na cheti cha daktari, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Zikiingia kwenye begi la chini na begi likachelewa, hamna pa kuzipata.

Kutua

Tulishuka na mwanga wa kwanza, taa za Queens zikiwaka chini yetu. Uwanja uko pembeni mwa ghuba, na ndege inayokuja kutua huonekana kama inataka kuingia majini. Mama alishika mkono wangu. Binti yangu alikuwa amelala, nikamwamsha.

Kwa afisa wa uhamiaji, mtayarisheni mzee kwa maswali mawili: umekuja kufanya nini, na utakaa muda gani. Ajibu kweli na kwa ufupi. Awe na karatasi yenye anwani na namba ya simu ya mwenyeji, kwa maana simu yake huenda isipate mtandao pale. Jueni pia kwamba tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza si ruhusa ya kukaa hadi siku hiyo. Muda wa kukaa huamuliwa na afisa pale pale, na kwa wageni wengi wa kutembelea hauzidi miezi sita. Mkishatoka, hakikisheni mnaijua tarehe hiyo.

Kisha kuna chakula. Hakuna nyanya wa Mombasa anayekwenda kwa mzazi mikono mitupu. Maembe na nyama viache nyumbani. Viungo vilivyokaushwa, majani ya chai, mikate na mahamri kwa kawaida hupita, lakini ni lazima uvitangaze kwenye forodha. Anayetangaza kitu kisichoruhusiwa hunyang'anywa tu, anayeficha hupigwa faini. Mama alitangaza pilipili manga yake kilo nzima, na afisa alimtakia dada yangu afya njema.

Makoti nayo yabebeni mkononi. Tulitoka Nairobi kwenye joto la kiangazi tukafungua mlango wa uwanja kwenye baridi inayokaribia barafu, na mabegi yalikuwa bado kwenye mkanda.

Saa nane za kudaiwa

Mwili hausafiri kwa kasi ya ndege. Kwa kawaida hulipa deni lake kama saa moja kwa siku, kwa hiyo saa nane huchukua wiki nzima. Kwenda magharibi ni rahisi kidogo kuliko kurudi mashariki, kwani mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kulazimishwa kulala mapema.

Kwa binti yangu, saa mbili usiku ya Nairobi, saa yake ya kulala, ilikuwa saa sita mchana ya Jersey City. Siku za mwanzo alianguka mezani uso karibu na sahani. Tulimtoa nje kila siku mchana, hata kwa baridi, kwa sababu mwanga wa jua ndio unaousogeza mwili. Akilala mchana tulimwacha saa moja, tukamwamsha. Siku ya sita alikuwa sawa.

Kwa Mama nilikuwa nimepanga hivyo hivyo, lakini dada yangu alinizuia. Mtoto alikuwa na siku tisa, na kama watoto wengi wa umri huo alikuwa akiamka saa nane usiku. Saa nane usiku ya Jersey City ni saa nne asubuhi ya Mombasa. Mama alikuwa macho kabisa, ameshaoga, ameshatengeneza uji wa pilipili manga. Alimchukua mtoto, akampeleka kwa mamake anyonye, akampokea, akamwimbia hadi akalala. Dada yangu, ambaye alikuwa hajalala zaidi ya saa mbili mfululizo tangu ajifungue, alilala saa tano usiku ule. Saa zile nane zilizotutenga miaka yote kwenye simu ndizo zilizompa usingizi. Kwa hiyo ikiwa mzee amekuja kwa mzazi, msimharakishe kuzoea. Wiki ya kwanza, mpeni usiku. Mchana alale.

Mimi na binti yangu tulirudi baada ya wiki mbili, shule zikikaribia kufunguliwa. Mama alibaki akamkanda mwanawe kwa maji moto hadi arobaini ikatimia, kisha akakaa mwezi mwingine.

Sasa yuko Mombasa, na hesabu anayoitumia kuwapigia simu inafaa kila nyumba ya Afrika Mashariki yenye mtu wake New York. Chukua saa yako ya Kiswahili. Wakati wa baridi, kuanzia mwanzo wa Novemba hadi katikati ya Machi, toa mbili. Miezi mingine, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, toa moja. Unachopata ni saa ya New York kwa hesabu ya Kizungu. Hapa saa tisa alasiri, toa mbili, kule ni 7 asubuhi, kabla ya kazi. Hapa saa mbili usiku, toa mbili, haibaki kitu, na kule ni 12 mchana kamili. Dada yangu akitoka kazini jioni, hapa ni saa saba usiku na watoto wamelala, kwa hiyo siku za kazi mpigieni alasiri. Jumamosi na Jumapili mnaweza kuzungumza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi mtoto wa hapa apelekwe kulala, na yule wa kule, ambaye sasa ameanza kukaa, aonyeshwe nyanya yake akiwa amekunywa maziwa na ana furaha.